Tarehe ya Kurudi

Baada ya arobaini ya mama mdogo, sisi wanawake wa nyumbani tulikaa chumbani kwake tukagawana vitu vyake. Kanga zilikwenda kwa mashangazi na majirani. Karai la vitumbua alipewa binti aliyekuwa akimsaidia kukaanga. Mimi nilipewa mkoba wake wa kahawia, ule aliokuwa akienda nao kliniki. Ndani mlikuwa na tasbihi, miwani iliyopasuka kioo kimoja, na kadi mbili zilizofungwa pamoja kwa raba ya kufungia noti.

Kadi ya kwanza ni ya CTC, kliniki ya dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Inaanza mwaka 2007. Tarehe aliyofika, uzito, dawa alizopewa, tarehe ya kurudi. Mstari chini ya mstari mpaka kadi ikajaa, ikaongezwa nyingine kwa pini, nayo ikajaa. Nimezipitia zote kwa kidole. Hakuna tarehe hata moja aliyoiruka.

Kadi ya pili ni kipande cha karatasi ngumu kilichokunjwa mara mbili. Kina jina lake, mwaka 2014, neno "ametibiwa", na chini yake kwa wino wa bluu: "Arudi baada ya mwaka mmoja." Baada ya hapo karatasi ni nyeupe.

Mama mdogo alifariki mwaka 2021 kwa saratani ya mlango wa kizazi. Kipimo chake cha mwisho cha wingi wa virusi kilisomeka kwamba virusi havionekani. Nimekaa na kadi hizi miaka minne, nikisoma kila nilichoweza kukipata na kuwauliza wauguzi walionivumilia, nikitaka kujua ilikuwaje mtu akashika dawa kwa uaminifu wa namna ile kisha akachukuliwa na ugonjwa uliokwishaonekana miaka saba kabla. Jibu nililolipata linakaa katika ule weupe ulio chini ya wino wa bluu. Binti yake ameniruhusu kuandika, mradi nisitaje majina.

Mama mdogo alikuwa muuza vitumbua katika mji mdogo ulio kando ya reli ya kwenda Tanga. Mumewe alikufa mwaka 2006, na mwaka uliofuata naye akapima. Serikali ilikuwa imeanza kutoa dawa bure tangu 2004, kwa hiyo alizikuta zimeshafika wilayani. Mwanzoni zilikuwa za kumeza mara mbili kwa siku: alfajiri kabla ya kuinjika karai, na saa mbili usiku redio inapoanza taarifa ya habari. Baadaye kikawa kidonge kimoja, akakiweka kwenye ile saa ya taarifa ya habari na hakukihamisha tena. Usiku wa harusi yangu aliniacha katikati ya nyimbo, akaenda nyuma ya ukumbi na chupa yake ya maji, akarudi anapiga makofi. Ndani ya kopo la vidonge alitia pamba ili visilie mkobani akiwa ndani ya basi.

Alianza dawa kinga yake ikiwa imeshashuka chini ya 200. Ndivyo utaratibu ulivyokuwa wakati ule: ulisubiri CD4, yaani hesabu ya chembe za kinga katika damu, ianguke ndipo uanzishiwe. Ni tangu 2016 ndipo Tanzania ilipoanza kumpa dawa kila anayekutwa na VVU bila kungoja kinga ishuke. Nalitaja hili kwa sababu miaka ile ya kusubiri haikupita bure ndani ya mwili wake.

Kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi kinaitwa HPV, na karibu kila mtu aliyewahi kujamiiana hukutana nacho wakati fulani. Naomba sentensi hiyo isomwe mara mbili, maana aibu nyingi inayowazuia wanawake kwenda kupima inatokana na kudhani ni ugonjwa wa wahuni. Kwa wengi mwili hukifukuza wenyewe ndani ya miaka miwili. Kisipofukuzwa, hujibanza katika ngozi laini ya mlango wa kizazi na kuanza kuziharibu chembe zake polepole mno. Kwa mwanamke mwenye kinga nzuri huchukua miaka 15 hadi 20 mpaka kufikia saratani. Kwa mwenye kinga iliyodhoofika, na hasa asiyetibiwa VVU, huweza kuchukua miaka 5 hadi 10 tu. Mwanamke anayeishi na VVU ana hatari ya saratani hii mara sita ya mwenzake asiye navyo. Utafiti mmoja uliofanyika hapa Tanzania, ukachapishwa mwaka 2012, uliwapima wanawake zaidi ya 3,600: kati ya wale wenye VVU, karibu nusu walikuwa na aina hatari za HPV, kati ya wasio na VVU, hawakufika hata mmoja kwa kila watano.

Dawa za kufubaza husaidia. Tafiti zilizokusanywa kutoka nchi nyingi zinaonyesha kwamba wanaozitumia, hasa walioanza mapema na virusi vikatulia, hukutwa na HPV kidogo zaidi, na madoa ya awali ya saratani huwatokea kwa uchache. Lakini hazikifuti kilichokwishaanza. Na kuna jambo jingine ambalo nilichelewa kulielewa. Dawa zile zilimpa mama mdogo umri. Zamani wanawake wa hali yake walikufa kwa kifua kikuu au kwa kuhara kabla HPV haijapata nafasi ya kukamilisha kazi yake. Yeye aliishi miaka 14 baada ya kupima, akamsomesha binti yake, akajenga vyumba viwili na sebule, na ndani ya miaka hiyo hiyo kile kirusi kingine kikawa kinaendelea na mwendo wake wa kobe.

Mwaka 2008 Tuzo ya Nobel ya tiba iligawanywa sehemu mbili. Nusu ilikwenda kwa Harald zur Hausen wa Ujerumani, ambaye mwaka 1983 yeye na wenzake walitangaza kuipata HPV aina ya 16 ndani ya saratani ya mlango wa kizazi. Nusu ya pili walipewa Françoise Barré-Sinoussi na Luc Montagnier wa Ufaransa, waliogundua virusi vya UKIMWI, nao mwaka huo huo wa 1983. Na 1983 ndio mwaka ambao wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI walitambuliwa Kagera. Virusi viwili vilisimama jukwaa moja Stockholm. Katika kliniki zetu viliendelea kukaa vyumba viwili tofauti, na mwanamke mmoja akitakiwa kuvibeba vyote viwili na kujua mwenyewe apige hodi wapi.

Hata huko Marekani ilichukua muda. Mpaka Januari 1993 ndipo saratani ya mlango wa kizazi iliyokomaa ilipoingizwa katika orodha ya magonjwa yanayoutambulisha UKIMWI, baada ya wanawake wenye virusi kupiga kelele miaka kadhaa kwamba orodha ile iliandikwa kwa kutazama miili ya wanaume. Kwetu Afrika mwanamke alitazamwa, lakini alitazamwa tumbo: asimwambukize mtoto. Kazi hiyo imeokoa watoto wasiohesabika na siibezi hata kidogo. Ninachosikitikia ni kwamba mtoto akishapimwa na kukutwa salama, mama alirudishwa kwenye foleni ya dawa, na mlango ule ule mtoto alikopita hakuna aliyeutazama tena.

Mama mdogo alitazamwa mara moja, mwaka 2014. Walipita watu wa mradi, wakatangaza kwenye kipaza sauti kwamba wanawake wote wa CTC waje kupimwa. Alinisimulia kwa simu jioni ile: alipakwa siki kwenye mlango wa kizazi, akaambiwa kuna doa dogo jeupe, akagandishwa kwa gesi baridi papo hapo. "Mwanangu, baridi iliingia mpaka kiunoni." Wiki tatu alitokwa na maji mengi akafua vitambaa usiku ili wapangaji wasimwone. Kisha akapona, akapewa ile karatasi.

Na alirudi. Hilo nimelijua baadaye kwa binti yake, na ndilo linaloniuma kuliko yote. Mwaka 2015, mwezi ule ule aliotakiwa, aliacha kukaanga siku moja akaenda. Akaambiwa muuguzi wa chumba kile yuko semina, aje wiki ijayo. Akaenda wiki ijayo, akakuta mlango umefungwa kwa kufuli. Mara ya tatu aliambiwa mradi umehamia wilaya nyingine na vifaa vimeondoka. Siku tatu za vitumbua. Hakuna aliyeiandika karatasi yake kwamba alifika. Binti yake alipomuuliza kama atakwenda tena, alimjibu, "Wangekuwa wameona kitu kibaya wangeniita." Kimya cha kituo yeye alikisoma kama cheti cha uzima.

Niliposoma kuhusu jaribio moja lililofanyika Dar es Salaam na Kilimanjaro nilimkumbuka. Watafiti waliwachukua wanawake zaidi ya 700 waliokutwa na HPV wakatakiwa kurudi kupimwa tena baada ya mwaka na kidogo. Nusu yao walitumiwa ujumbe wa simu mara kwa mara, wa kuwaelimisha na kuwakumbusha. Nusu nyingine hawakutumiwa. Matokeo yalichapishwa 2020: kundi lililokumbushwa walirudi kama robo tu, na kundi lisilokumbushwa vilevile kama robo. Ujumbe haukuongeza kitu. Wapo watakaoyasoma matokeo hayo na kusema wanawake wetu hawajali. Mimi nayasoma nikiwa na kadi ya mama mdogo mkononi. Mtu ambaye hakuruka tarehe hata moja ya CTC kwa miaka 14 hana tatizo la kusahau. Kule CTC alikuwa na muuguzi aliyemjua kwa sauti, faili lenye namba yake, na mhudumu wa jamii ambaye angepiga hodi nyumbani kama angechelewa. Kule kwenye chumba cha siki alikuwa na karatasi iliyokunjwa mara mbili.

Na kurudi huko si pambo. Nairobi ulifanyika utafiti wa wanawake 400 wanaoishi na VVU waliokutwa na mabadiliko makubwa ya awali, ukachapishwa mwaka 2019. Nusu waligandishwa kwa gesi kama mama mdogo. Nusu walikatwa sehemu iliyoharibika kwa waya mwembamba wa umeme. Walifuatiliwa miaka miwili. Waliogandishwa, asilimia 30 mabadiliko yaliwarudia. Waliokatwa kwa waya, asilimia 19. Waya ulishinda waziwazi, na ningependa kila hospitali ya mkoa iwe nao pamoja na daktari anayeujua. Lakini tazama ile namba ndogo: hata kwa tiba iliyo bora, karibu mmoja kati ya watano alirudiwa. Kwa hiyo Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2021, linasema mwanamke mwenye VVU aanze kupimwa akiwa na miaka 25, arudie kila baada ya miaka mitatu hadi mitano kwa kipimo cha HPV au kila miaka mitatu kwa siki; na akitibiwa doa, apimwe tena baada ya miezi 12, kisha miezi 12 mingine. "Ametibiwa" kwenye karatasi ile haikuwa nukta. Ilikuwa mkato.

Mwaka 2019 damu ilirudi. Alikuwa na miaka 52, hedhi ilishakoma. Alifurahi kidogo kwa siku mbili tatu, akamwambia jirani kwamba labda dawa zimemrudishia ujana. Kisha ikaja harufu. Kituoni alipewa dawa za fangasi, na mwezi uliofuata akapewa tena zile zile. Hakuna aliyemwambia apande kitandani. Mara ya tatu alimkuta daktari kijana aliyemuuliza lini alipimwa mlango wa kizazi, akautazama kwa nusu dakika, akakaa chini akaandika rufaa. Mpaka leo namuombea dua kijana yule. Alikatwa kipande kidogo cha nyama kikapimwe, majibu yakachukua wiki kadhaa, na tulipofika Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, ilikuwa hatua ya tatu.

Wanaoijua Ocean Road wanaujua upepo wa pale. Jengo la zamani la Wajerumani linatazama bahari, na wagonjwa kutoka mikoani hukaa vibarazani wakingoja zamu, kanga zikipepea. Nilikuwa nikimpeleka kwa daladala siku tano za wiki kwa ajili ya mionzi ya nje, na baadaye ikaja mionzi ya ndani, ambayo hakupenda kuizungumzia. Jioni moja tulichelewa mpaka saa mbili. Akafungua mkoba wake, akatoa kopo. Mwanamke aliyekaa kwenye benchi la mbele yetu, mgeni kabisa, naye akainamia pochi yake. Kopo lake halikuwa na pamba, likalia. Waligeuka wakatazamana. Hawakusema neno. Mama mdogo alimpa chupa yake ya maji, na yule mwenzake alipomaliza kumeza akairudisha akamwambia, "Asante dada." Nilihesabu benchi lile: wanawake sita. Wawili ndio niliowajua, na walijuana kwa mlio wa kopo.

Kwa makadirio ya shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, Tanzania ilikuwa na wagonjwa wapya wa saratani hii zaidi ya 10,000 mwaka 2020. Ndiyo saratani inayoua wanawake wengi kuliko nyingine zote nchini. Naiweka namba hiyo hapa kwa sababu inapaswa kuwekwa, ila mimi kila nikiisoma naliona benchi.

Sasa niseme ninachokiamini. Mwanamke aliye kwenye dawa za VVU ndiye mwanamke rahisi kuliko wote kumfikia kwa kipimo hiki. Anajulikana jina, ana faili, anakuja mwenyewe, amezoea kupewa tarehe na kuitii. Zambia walilitambua hilo mapema. Kuanzia 2006, Dakta Mulindi Mwanahamuntu na Dakta Groesbeck Parham walifungua vyumba vya kupima ndani ya vituo vya afya vya serikali jijini Lusaka, jirani na kliniki za dawa za VVU. Wapimaji walikuwa wauguzi. Walipiga picha ya mlango wa kizazi kwa kamera ya kawaida, mwanamke akaionyeshwa, na doa likitatanisha picha ilipelekwa kwa daktari bingwa aitazame. Anayeweza kutibiwa alitibiwa siku ile ile. Hawakungoja hospitali kubwa, na mwanamke hakutoka pale na karatasi ya kwenda mlango mwingine.

Hapa kwetu huduma hiyo imeingia CTC nyingi, na inastahili sifa. Lakini limetokea jambo ambalo sisikii likisemwa sana. Siku hizi mteja aliyetulia hupewa dawa za miezi sita kwa mkupuo. Ni neema: nauli mbili kwa mwaka badala ya kumi na mbili, na macho machache ya kumtazama kwenye foleni. Ila kila ziara iliyopungua ni nafasi moja ya kupimwa iliyopungua nayo. Siku moja kati ya mbili hizo za mwaka lazima iwe na kitanda, taa na siki vikiwa tayari, na muuguzi asiwe semina. Ikipotea siku ile, umempoteza kwa nusu mwaka.

Watafiti wenyewe wakirudi, mambo hunyooka. Mwezi Mei 2018 ilitolewa tahadhari juu ya dolutegravir, ile dawa mpya ya VVU, kwamba huenda inaleta kasoro ya uti wa mgongo kwa mtoto ikiwa mama alikuwa akiitumia wakati mimba inatungwa. Tahadhari ilitoka kwenye hesabu za Botswana: watoto 4 kati ya 426. Nchi kadhaa zikawazuia wanawake walio katika umri wa kuzaa wasiipate, huku wanaume wakipewa. Julai mwaka huo wanawake wanaoishi na VVU kutoka nchi mbalimbali za Afrika walikutana Kigali, wakasema hawataki kuamuliwa, wapewe maelezo na waachiwe wachague wenyewe. Botswana hawakuacha kuhesabu. Waliendelea kuandika kila mtoto aliyezaliwa, na kadiri hesabu ilivyokua hatari ile ilizidi kusinyaa. Julai 2019 dawa ikapendekezwa kwa wote. Binti wa mama mdogo, aliyezaliwa na VVU mwaka 1999, alikuwa mmoja wa wasichana waliongoja mwaka ule.

Hata chanjo ina tarehe yake ya kurudi. Tanzania ilianza kuwachanja wasichana wa miaka 14 dhidi ya HPV nchi nzima mwaka 2018, kwa dozi mbili. Kisha zikaja tafiti ambazo najivunia kwamba zimefanyika Afrika Mashariki. Ule wa Mwanza uliwachanja wasichana 930 na kuona jinsi miili yao inavyojenga kinga. Ule wa Kenya, wa Thika, Nairobi na Kisumu, walioshiriki walikuwa wasichana 2,275, na dozi moja iliwakinga na aina hatari za HPV, ya 16 na ya 18, kwa asilimia 97.5 katika miezi 18 ya mwanzo. Kwa ushahidi wa namna hiyo Tanzania imehamia dozi moja tangu 2024, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Lakini msichana mwenye VVU hahesabiwi humo. Yeye anahitaji dozi mbili kwa uchache, na tatu zikipatikana. Nani anamjua shuleni, anapopanga mstari na wenzake, na nani anamwambia arudi bila kumtangaza mbele ya darasa? Anayemjua ni muuguzi wa CTC. Tunarudi pale pale.

Tarehe 20 Februari 2025 nilimsindikiza yule binti kupima. Alikuwa na miaka 25, fundi cherehani. Mama yake hakuwahi kumzungumzia habari za kipimo hiki, na somo aliyemfunda alimfundisha mengi ila si haya. Zilikuwa wiki zile ambazo Marekani ilikuwa imesimamisha misaada yake. Baadhi ya waliolipwa na miradi hawakuonekana kituoni, na kwenye ubao wa matangazo palibaki alama nne za gundi mahali palipokuwa na bango. Muuguzi wa chumba kile alikuwa mwajiriwa wa serikali, mama wa makamo mwenye taa iliyofungwa kichwani kwa mkanda.

Aliniruhusu nisimame kichwani mwa kitanda. "Shikamoo sista," binti akasema huku akiwa ameshapanda, na sauti ikamtetemeka. "Marahaba mdogo wangu. Legeza mapaja. Vuta pumzi, itoe taratibu." Kifaa kiliingia, taa ikashuka. Alichovya pamba kwenye kikombe cha chuma, na chumba kikajaa harufu ya kachumbari. Akapaka, akatazama saa ya ukutani. Dakika moja. Sijawahi kuisikia dakika ndefu namna ile. Ngozi nzima hubaki na rangi yake ya waridi. Palipoharibika, siki hupafanya pageuke peupe. Dakika ilipotimia muuguzi aliinama zaidi, akakaa kimya, kisha akaniita nije nione, binti aliporidhia. Palikuwa na kijidoa upande wa juu, kidogo kuliko punje ya mchele, cheupe kama tui lililodondokea nyama.

Alimweleza yote kabla ya kugusa kitu. Kwamba hii si saratani. Kwamba anaweza kuichoma sasa hivi. Alichukua kifaa cha betri chenye ncha ya mviringo, kinachopata joto la nyuzi 100, na kuchoma kwenyewe kulichukua chini ya dakika. Binti alinibana vidole mpaka kikamalizika. "Kama tumbo la hedhi," alisema baadaye. Kisha likaja lile gumu: wiki nne bila tendo la ndoa, kwa kuwa pale pana kidonda kibichi. Ana mume, na mume anaijua hali yake, wamejuana hukohuko kliniki. Wengi hawana bahati hiyo. Muuguzi aliuliza kama angependa mume aitwe aelezwe, binti akasema atamweleza mwenyewe.

Halafu muuguzi akafungua faili la CTC, lile lile la dawa, akaandika ndani yake. Nilimwomba radhi nikasogea kusoma. Aliandika kilichoonekana, kilichofanyika, na tarehe ya kurudi: 20 Februari 2026. Akaiandika tena kwenye kadi ya dawa, mstari wa chini ya uzito.

Binti alikuwa ameshashika simu, anahesabu. "Sista, hapo Ramadhani itakuwa imeingia. Nitakuwa nimefunga. Sitapanda kitanda."

Yule mama alivua taa kichwani, akachukua kalenda ya mezani, akaona ni ya mwaka huu tu, akamwambia amsomee ya kwenye simu. Wakahesabu pamoja mpaka Idi, wakaongeza siku za wageni kuondoka. Akaikata ile tarehe kwa mstari mmoja kwenye faili na kwenye kadi, na juu yake akaandika: 26 Machi 2026, Alhamisi. Akamuuliza dawa zake za miezi sita zinaisha lini. Akahesabu tena kwa vidole, akainuka akaenda chumba cha dawa kuwaambia wampangie vidonge viishie wiki hiyo hiyo.